Bei ya Kimya

Mtaa mzima ulimwita Masikio, na mkewe naye alimwita hivyo siku akikasirika. Masikio yenyewe yalikuwa ya kawaida tu, tena madogo. Jina alilipata kwa sababu redio ya jirani ikilia alikwambia spika ipi imepasuka, na pikipiki ikipita barabarani alijua kama mnyororo umelegea. Mtu wa namna hiyo ungedhani hakuna kinachompita.

Alikuwa na studio ya kurekodi nyumbani kwake. Nyumba ilikuwa na sebule na vyumba vitatu. Kimoja walibanana yeye, mkewe na watoto wao wawili, kimoja alilala mama yake mzazi, na cha tatu, ambacho kwa haki kilikuwa cha watoto, alikigeuza studio. Ukutani aliegemeza magodoro mawili yaliyochakaa, darini akabandika trei za mayai, mlangoni akatundika blanketi zito. Mwimbaji alisimama mbele ya kabati la nguo lililoachwa wazi, akaimba huku akitazamana na makoti na mashati ya mwenye nyumba, kwa kuwa nguo humeza mwangwi. Wageni walicheka, lakini wakisikia sauti zao zilivyotoka walinyamaza.

Kazi aliijua, hata waliomwonea kijicho walikubali. Kilichomtoa jasho ni bei.

Mwanzoni alitoza kwa wimbo: wimbo mmoja, bei moja, mpaka mteja aridhike. Haya maneno "mpaka aridhike" ndiyo yaliyomponza, maana ikaja kwaya ya watu kumi na wanne ambayo haikuridhika kwa wiki tatu. Kila siku sauti ya nne ilikuwa imepanda mno au imeshuka mno, kila siku mwalimu wao aliamka na ubeti mpya kichwani, na mwisho wake Masikio alirekodi beti kumi na moja kwa bei ya wimbo mmoja. Akabadili, akatoza kwa saa. Hapo ndipo alipogundua kwamba watu wasiojua hata tarehe ya leo wanajua dakika. Mmoja alitaka apunguziwe muda aliokwenda chooni. Mwingine alidai umeme ulikatika robo saa, na kweli ulikatika, ila robo saa hiyo alisinzia kwenye kiti cha Masikio mpaka akakoroma. Habari za ndugu na marafiki usiniulize. Bei yao ni "tutaelewana", na mpaka leo hawajaelewana.

Mkewe alikuwa msusi, akifanyia kazi sebuleni, na yeye bei hazikumsumbua hata siku moja. Mteja akikaa kwenye kiti, anazishika nywele, anazivuta kidogo, anataja bei, basi. Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa kooni. Kila taa nyekundu juu ya mlango wa studio ilipowaka, ilimbidi azime mashine ya kukaushia nywele na azime friji, na wateja wake wakaanza kunong'ona kama wako msibani. Wengi waliamua kwenda kwa msusi mwingine, ambako mtu anaweza kucheka.

Mchana mmoja, mteja alipoinuka na kuondoka kichwa kikiwa kimesukwa upande mmoja, msusi alimfuata mumewe studio, kitana mkononi.

"Hebu niambie, wewe humu unauza nini?"

"Nauza sauti," Masikio alijibu bila kugeuka.

"Sauti wanakuja nazo wenyewe, ziko kooni mwao. Wewe unauza kimya. Na kimya chenyewe si chako peke yako, ni cha kwetu sote. Mimi nazima mashine zangu. Watoto wakitoka shule wanakaa nje juani. Mama yako anatolewa chumbani kwake akakae kwa jirani. Hilo umewahi kulipigia hesabu?"

Mtu mwingine hapa angeomba radhi. Mwanamke alikuwa analalamika, tena waziwazi, mpaka kitana kinatikisika. Lakini Masikio alikuwa na bei kichwani usiku na mchana, na mtu wa hivyo hata ukimtukana anasikia biashara. Aliruka kutoka kwenye kiti.

"Mama watoto, umenifungua macho!"

Mkewe alimtazama asijue acheke au ampige na kile kitana.

Siku hiyohiyo akachukua karatasi ngumu na kalamu nene akaandika bei mpya. Kurekodi nyumba ikiwa na shughuli zake: elfu tano kwa saa. Kurekodi nyumba ikiwa kimya kabisa: elfu kumi na mbili kwa saa. Akaibandika mlangoni, akarudi nyuma hatua tatu kuitazama, akasogea, akarudi tena. Mkewe alipita na beseni la maji bila kuitazama.

Mama yake akatoka chumbani, akavaa miwani, akasoma. Alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini kwa miaka ishirini na saba na vibao vya mlangoni alivizoea. Alisoma yote, kisha akarudia mstari wa pili kidole kikifuata maneno.

"Mwandiko mzuri, baba," alisema. "Unasomeka."

Alihamia kwao mwaka uliopita, kifua kilipoanza kumsumbua. Kikohozi chake kilikuwa kizito, kinaanzia chini kabisa na kupanda kwa shida, kama mtu anayeburuta kabati. Daktari aliwaambia jambo moja, na Masikio alikuwapo akalisikia kwa hayo masikio yake: mama asikizuie kikohozi. Akohoe, atoe, la sivyo makohozi yataganda ndani na kifua kitaziba.

Bei mpya haikukaa mlangoni wiki moja kabla hajaja Mtangazaji. Huyu sauti yake mtaa uliisikia redioni kila asubuhi, na sasa alikuwa amepewa kazi ya kusoma masomo kumi na mawili ya shule ya redio. Hakuomba apunguziwe. Aliweka kidole kwenye mstari wa pili, akasema, "Hii." Masikio akameza mate. Kila somo lingechukua saa tatu. Kwa fedha hizo angejenga chumba kidogo uani, studio itoke ndani, watoto wapate chumba chao, msusi aringe na mashine zake, na mama akohoe mpaka achoke mwenyewe. Nasema haya kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Tena angekuwa mbaya, afadhali. Mtu mbaya tungemjua tukamalizana naye.

Masomo matatu ya kwanza mama alikwenda kukaa kwenye baraza ya jirani. Msusi naye alikusanya vitana vyake kwenye kikapu akawafuata wateja majumbani kwao. Siku ya nne mama alikataa.

"Nimechoka kuwa mgeni kila siku, mwanangu. Kile kiti cha jirani kinaniumiza mgongo. Niache nilale chumbani kwangu, sitakusumbua."

"Na kikohozi, mama?"

"Kimepungua. Tangu juzi, mchana hakinishiki."

Masikio akaamini. Na aliamini upesi, kama tunavyoamini sote habari inayotufaa. Taa nyekundu ikawaka, Mtangazaji akasimama mbele ya makoti, akasoma somo zima bila kukatizwa. La tano likapita hivyohivyo, na la sita. Mama akitoka chumbani macho yalikuwa mekundu na uso umemshuka, naye akasema ni usingizi wa mchana.

"Dawa imemkubali mama," Masikio akamwambia mkewe, akapiga mluzi. Msusi akafurahi kweli, maana alimpenda yule mama kuliko alivyokuwa akimpenda mumewe siku hizo.

Baada ya somo la saba Mtangazaji alifunga karatasi zake akaenda zake, na Masikio akavaa hedifoni ili aanze kusafisha masomo yaliyorundikana, akianzia na hilo. Usafi wa kazi hii ni wa mtu mwenye subira: unakata mate yanayomezwa, unapunguza pumzi, unaondoa karatasi inayofunuliwa. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Somo lilihusu mito na maziwa. Katika kituo kati ya sentensi mbili akasikia kitu chini kabisa, kidogo sana. Akadhani panya. Akaongeza sauti.

Kilikuwa kikohozi. Kilikuwa kimezibwa ndani ya mto au nguo, kinapiga mara tatu, mara nne, kinakatwa kwa nguvu. Baada yake pumzi ilivutwa kwa taabu, inakwaruza. Akasogeza mbele. Mtangazaji akasema mito hupeleka maji baharini, akatua, na hapo tena, mara tano sasa, na kishindo kama cha mguu wa kitanda uliopigwa na goti. Akasogeza mbele zaidi. Kwenye kituo kirefu, Mtangazaji alipokuwa akitafuta ukurasa, Masikio alisikia mama yake akinong'ona, wazi kama amekaa pembeni yake.

"Bado kidogo. Bado kidogo. Amalize kwanza."

Akafungua somo la sita. Akafungua la tano. Akafungua la nne. Mama alikuwemo kote.

Akatupa hedifoni, akatoka. Alimkuta amelala kifudifudi, mto umembana usoni na pembe ya shuka iko mdomoni. Shuka lilikuwa limelowa. Alipomgusa bega alihisi joto kali kupitia nguo. Mama aligeuza shingo, akatoa shuka mdomoni kwanza ndipo akauliza.

"Keshaondoka?"

"Keshaondoka, mama. Kohoa."

Na mama akakohoa. Alikohoa muda mrefu, ameshikilia ukingo wa kitanda, na Masikio akamshikia beseni huku akilia hovyo kama mtoto. Aliona haya kupita kiasi. Alitamani hata mama amtukane, lakini mama hakuwa na pumzi ya kutukana, na nadhani hata angekuwa nayo asingeitumia kwa kazi hiyo.

Hospitalini daktari alikuwa yuleyule. Alisikiliza mgongo wa mama kwa muda, akasogeza chombo chake cha kusikilizia huku na huku, kisha akamgeukia Masikio.

"Nilikwambia nini mimi?"

Mama ndiye aliyejibu, akasema alifanya kwa kutaka mwenyewe, mwanawe hakumwambia anyamaze. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuumiza zaidi. Mama alidungwa sindano, akapewa dawa za wiki nzima. Nyumbani msusi aliwasubiri mlangoni, akamlaza mama, akamfunika, akamnywesha maji kwa kijiko. Aliporudi sebuleni alisimama mbele ya mumewe.

"Mimi nilisema tunakutolea kimya bure," alisema taratibu, bila kitana safari hii. "Nilisema hivyo unione. Wewe ukaenda ukakiwekea bei."

Akang'oa ile karatasi mlangoni akaikunja mara nne, akaiweka mezani mbele yake.

Asubuhi Mtangazaji alifika na somo la nane kwapani. Masikio alimpokea mlangoni. Ndani mama alikuwa anakohoa, na safari hii hakukuwa na mto.

"Kaka, kuanzia leo nyumba yangu ni ya bei ya chini," alisema. "Mama yangu yumo ndani, anaumwa, anakohoa, na hatanyamaza kwa ajili ya mtu."

Mtangazaji alisikiliza kidogo. Hakuwa mtu wa dharau.

"Pole sana, ndugu yangu. Mungu amponye mama. Lakini wenye kazi hawatapokea somo la watoto lenye kikohozi. Ningekuwa mimi peke yangu ningesema sawa." Alimpa mkono, akashika njia, na sauti yake nzuri ikaondoka naye.

Masikio alibaki mlangoni, halafu akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na kitanda cha mama. Mama alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili. Alikuwa amesikia kila kitu. Ukuta ule haukuwa na siri.

"Yalikuwa yamebaki masomo mangapi?"

"Achana nayo, mama."

"Nimekuuliza."

"Matano."

"Na kila moja saa tatu, elfu kumi na mbili kwa saa." Midomo yake ilicheza kidogo, vidole vikagusana juu ya shuka. Miaka ishirini na saba alihesabu mashuka ya wodi, na mahesabu hayakumpiga chenga. "Laki moja na elfu themanini."

"Mama, nakuomba."

"Na wengine watakaosikia kwamba kwako kuna mgonjwa, hao sikuwaweka." Alikohoa, akafuta mdomo, akavuta pumzi mpaka ikatulia. "Mpigie dada yako simu. Aje anichukue Jumamosi."

"Huendi popote. Mama, tafadhali, usinikasirikie kiasi hicho."

Mama akaushika mkono wake, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Sijakukasirikia, mwanangu," alisema. "Nimepiga hesabu tu."