Neno Nililomtafsiria Muzee Paluku

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka nainamisha kichwa. Siku hizi vijana wa mtaani wananiita muzee, wananipisha kwenye benchi la kanisa, wanakuja kuniuliza mambo ya karatasi kwa sababu wanajua niliwahi kufanya kazi ya ofisi. Hawajui niliiachaje kazi hiyo. Leo nitakueleza, maana nimechoka kusifiwa kwa kitu kinachonitia haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Wazazi wangu walitoka upande wa Bukavu wakajenga hapa Goma juu ya mawe haya meusi, na kwa kuwa niliandika Kifaransa kizuri, nilipata nafasi ya sekretere katika kituo kimoja cha polisi. Jina la kituo naliacha. Aliyekosea pale nilikuwa mimi. Nilikuwa na meza, mashine ya kuandikia ambayo herufi yake ya e ilikuwa imekatika, na muhuri. Muhuri ule ulinivimbisha kichwa. Watu wazima wenye mvi walinisubiri nimalize chai yangu, nami nilikunywa polepole makusudi.

Basi Jumamosi hiyo, yapata saa sita mchana, polisi wawili wakaingia na mzee mmoja. Mmoja wao alikuwa amebeba bunduki ya kuwindia, ya mitutu miwili, imefungwa ndani ya kitenge. Mzee mwenyewe alikuwa Muzee Paluku, mkulima wa viazi na kabichi kutoka Kibumba. Nilimfahamu. Watu wake ni wa Butembo, lakini alikuwa ameishi Kibumba miaka mingi, na kila aliposhuka Goma kuuza mazao alisali kwenye parokia yetu. Mimi niliimba besi kwenye kwaya. Yeye alikaa benchi la tatu akiitikia kwa sauti kutushinda sisi wenye maikrofoni.

Bunduki ilikuwa yake kihalali. Alikuwa na permi, yaani kibali cha serikali, yenye picha yake, na siku hiyo alikuwa anaileta mjini ili aionyeshe ofisini na kufanya upya permi hiyo kabla haijaisha muda. Shamba lake la juu limepakana na msitu, na nyani na nguruwe mwitu wangelimaliza kwa wiki moja kama asingekuwa na kitu cha kuwatishia. Kwenye kizuizi cha barabarani, pale Kanyaruchinya, polisi walimsimamisha. Waliitazama permi wakaona iko sawa, ila wakasema siku hizo barabara ina wasiwasi na hawataki kuona raia na silaha. Wakaichukua.

Nataka uone jinsi mzee yule alivyofanya, kwa sababu hakukosea hata mahali pamoja. Kizuizini hakubishana, wala hakung'ang'ania kitenge. Alikubali kupanda pikipiki mpaka kituoni, na alipofika mbele ya meza yangu akavua kofia, akaniita kwa heshima, akasema:

"Papa Fabien, bunduki muikamate kama mumeona ni lazima. Lakini munipe karatasi. Muandike ni yangu, muandike ni nani ameikamata, na namba yake iko hapa, karibu na kitako."

Karatasi aliyoiomba ipo. Kwa Kifaransa ni procès-verbal de saisie. Sisi ofisini tuliiita pe-ve ya kukamata. Inasema kitu hiki ni cha fulani, kimekamatwa na fulani kwa sababu fulani, na sasa kinakwenda parke, ofisi ya mashtaka, kwa majistra, ambaye ndiye ataamua kama kirudi. Kwa hiyo kitu kilichokamatwa bado kina mwenyewe. Lakini pe-ve ilikuwa kurasa tatu, nakala nne, na karatasi za kaboni zinazokuchafua vidole. Na mimi nilikuwa na arusi. Mwanakwaya mwenzetu alikuwa anaoa saa nane, nilishavaa shati jeupe, na besi ilikuwa inanitegemea.

Kwenye droo kulikuwa na fomu nyingine, zilizobaki baada ya kampeni ya kukusanya silaha. Ukurasa mmoja tu, umeshachapwa: unajaza jina na tarehe, mtu anasaini, umemaliza. Juu yake kumeandikwa remise volontaire, yaani mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, nimeitoa silaha hii nikaiachia serikali. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliokuwa na silaha bila ruhusa na wakataka kuziondoa nyumbani. Haikuwa hata na nafasi ya namba.

Komanda wa kituo alikuwa chumba cha pili. Hakuniamuru kitu, nami sikumuuliza. Miaka mingi nimejaribu kumtwika yeye kosa hili na nimeshindwa. Aliyefungua droo ni mimi.

Muzee Paluku alisoma Biblia yake ya Kiswahili kila siku, lakini Kifaransa hakukijua. Aliishika ile fomu, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Inasema nini?"

"Inasema tumeipokea bunduki yako, muzee."

Akafikiri kidogo. "Mumeipokea ao mumeikamata?"

Aliniuliza, mwanangu. Neno lenyewe alilitaja kwa mdomo wake akaniwekea mezani. Nilitakiwa kuitikia tu. Nikatazama saa ya ukutani, nikasema, "Ni kitu kimoja tu, muzee. Saini hapa."

"Na namba?"

"Nitaiandika nyuma."

Akasaini herufi moja moja, kama mtu anayeheshimu jina lake. Nikapiga muhuri. Namba sikuiandika. Saa nane kasoro nilikuwa kanisani, nikaimba vizuri, na watu wakanisifu.

Jumatano akarudi. Ofisi ya permi ilikuwa imemfanyia mpya kwa kutazama ile ya zamani tu, akaja nayo mkononi kumwomba komanda bunduki yake. Komanda alitoa ile fomu akamwonyesha. "Muzee, si weye mwenyewe uliitoa? Saini si ni yako?"  Muzee Paluku alinigeukia mimi, akanitazama akingoja niseme. Nami nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Hakukata tamaa. Aliuliza wanaojua, akaenda parke kulalamika, na baada ya wiki mbili majistra akatuita. Alikuwa mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa macho. Alisoma fomu, akasoma permi mpya, akaona hazipatani: mtu gani anatoa bunduki kwa hiari yake Jumamosi, halafu Jumatano anakuja na permi mpya ya bunduki hiyohiyo? Akanigeukia.

"Sekretere, huyu muzee hajui Kifaransa. Mbele ya kusaini, ulimuambia nini kwa Kiswahili? Neno kwa neno."

Hapo kila kitu kilikuwa mikononi mwangu. Kama ningesema, "Nilimwambia ni kitu kimoja," bunduki ingerudi kwa mwenyewe. Ningepoteza kazi, pengine na mimi ningelala ndani siku chache. Nikamfikiria mama yangu, jinsi alivyojivunia ile meza mbele ya majirani. Nikasema, "Nilimsomea yote, mama majistra. Nilimwambia anaitoa kwa hiari yake."

Niliogopa kugeuka. Nilingoja Muzee Paluku anitukane, na kusema kweli ningefarijika. Yeye alishika kofia yake kwa mikono miwili akasema:

"Mama, uandike tu kama mimi sikusikia muzuri. Masikio yangu iko ya kizee. Huyu mutoto musimuharibie kazi."

Mle ndani hakuna aliyekuwa anasikia vizuri kumpita yeye. Alisema vile ili kuniokoa. Majistra alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaandika, na shauri likaishia hapo. Nilitoka na kazi yangu.

Kuanzia hapo nilimkwepa. Jumapili nilisimama nyuma ya nguzo ya kanisa asinione. Halafu akaacha kuja kabisa. Karibu mwaka mzima ulipita, mpaka mama mmoja muuza viazi aliponiambia kwamba Muzee Paluku amekuwa kiziwi, kazi zote zimeshikwa na watoto wake. Kiziwi! Sikuweza kula siku hiyo. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nikapanda gari la Rutshuru nikashukia Kibumba.

Mtoto wake mkubwa, Kasereka, alinipokea vizuri. Nilimwambia natoka parokia ya Goma. Cha zaidi sikusema. Akanipeleka nyuma ya nyumba, ambako baba yake alikuwa ameketi akichagua viazi vya mbegu. Kasereka akainama sikioni mwa mzee akapiga kelele, "Papa! Mugeni!" Kisha akanigeukia, akaongea kama vile baba yake amelala.

"Masikio ilikufa. Tangu aende kule parke hasikii kitu. Alisaini bunduki yake ikaenda, hata hakujua anasaini nini. Sasa makaratasi yote niko nashika miye. Shamba ya juu tuliacha, wanyama walituchokesha. Muzee amezeeka, ni vile."

Nikamwangalia Muzee Paluku. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi bila kosa: kizuri huku, kibovu kule. Mwaka mzima alikuwa ameulinda ule uongo wa masikio ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu yangu, na watoto wake wakaacha kumuuliza chochote. Nilikuwa nimechukua mtu mzima mwenye akili zake nikamfanya mzee asiyefaa kitu.

Kasereka alipoondoka kwenda kuniitishia chai, nikachuchumaa mbele yake. "Muzee, nimekuja kukuomba musamaha."

Hakuinua macho. "Sisikii, mutoto yangu."

"Nimekuja kuomba musamaha," nikasema kwa nguvu kidogo, huku nikichungulia kama Kasereka yuko mbali.

"Useme kwa nguvu. Watu ya hapa banajua mimi sisikii."

Nikaelewa anachotaka. Kunisamehe alishanisamehe siku nyingi, mbele ya majistra. Alitaka watu wa nyumba yake wasikie. Wakwe zake walikuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo, wajukuu wako chini ya paa, na Kasereka alikuwa amesimama mlangoni. Nikasimama. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikapaza sauti mpaka koo likaniuma:

"Nilikudanganya! Karatasi ilisema unaitoa, mimi nikakuambia tumeipokea! Uliniuliza muzuri kama mumeikamata, nikakudanganya, juu nilitaka kwenda kwenye arusi! Na kwa majistra nikadanganya tena!"

Mchi ukasimama. Kasereka alinitazama, kisha akamtazama baba yake. Muzee Paluku aliweka kiazi chini, akapangusa mikono kwenye suruali, akasema kwa sauti ya chini kabisa, ile ya mtu anayezungumza na aliye karibu naye:

"Kasereka, leta ile chai. Na uniletee mufuko ya makaratasi yangu."

Kasereka hakwenda. Mwanamume yule mwenye ndevu alikaa chini palepale mlangoni akaficha uso wake.

Jumatatu nilikwenda parke nikamwambia majistra ukweli wote. Kazi ilikwisha wiki hiyo, na ilistahili kwisha. Bunduki haikurudi. Kwenye chumba cha silaha walitafuta, lakini za namna ile zilikuwa kadhaa, nyingine zilishatoka, na namba yake haikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya kituo ya kuonyesha ilikokwenda, maana mimi nilisema nitaiandika nyuma. Mzee aliushika tena mfuko wake wa karatasi na kuamua mambo ya mashamba yake mpaka alipofariki, lakini shamba la juu hakulilima tena. Nikipita barabara ile nageuza uso upande wa pili.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kama una silaha kwa ruhusa halali na siku moja polisi wakaichukua, usigombane nao wala usivutane nao. Iweke chini polepole, onyesha permi yako, na nakala yake iwe imebaki nyumbani. Kuichukua wanaweza, hata kama hujakosa. Kuichukua peke yake hakuwapi haki ya kuifanya yao. Uliza kwa adabu inachukuliwa kwa sababu gani na inapelekwa kwa nani. Omba karatasi ya kukamata, iandikwe namba, aina ya silaha, risasi ni ngapi, na jina la aliyeichukua, na usiondoke kabla hujapewa nakala yako. Kama hawataki kuiandika, toka hapo uende moja kwa moja kwa mwanasheria au parke, siku hiyohiyo. Karatasi ya lugha usiyoijua usiisaini mpaka isomwe na mtu asiye na haraka, na ukiweza isomwe na wawili. Ukisikia neno moja halikai sawa, simama hapohapo, uliza tena. Muzee Paluku aliuliza mara moja, akaniamini. Wewe uliza mara tatu.

Na kama umekaa upande wa pili wa meza, kama nilivyokaa mimi, mpe mtu neno lake kama lilivyoandikwa. Ukiona karatasi fupi inakuita, jiulize ni nani atakayeibeba hiyo karatasi baada ya wewe kufunga ofisi. Na ukishakosea, usingoje mwaka. Nenda wiki hiyohiyo, useme mbele ya walewale waliosikia uongo wako, kwa sauti ileile.

Mungu akubariki, mwanangu, akulindie kilicho chako na jina lako. Akupe mdomo wa kuuliza bila woga na wa kujibu bila hila. Na kila atakayesimama mbele yako akikuamini, Mungu amjalie akukute wewe mtu bora kuliko nilivyokuwa mimi.