Maji Aliyoyaacha Mgeni

Mimi sijui kutulia. Hata sasa, katika kuandika haya, nimeshainuka mara mbili kuchungulia chungu kisicho na shida yoyote. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na kiherehere, mkunga alinidaka kwa bahati tu. Zamani nilicheka. Siku hizi sicheki sana, kwa sababu ya lile pipa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, tukiishi Newala. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, mitumba imetundikwa kila mahali, redio za Kijapani zinalia hadi kwenye magenge ya nyanya. Kila kitu kilikuja isipokuwa maji. Hayo bado tuliyafuata bondeni, na mama aliyapandisha kwa kichwa miaka yote mpaka magoti yakagoma. Akishakaa, kuinuka ni shughuli.

Ndipo tukapata mpangaji, mwalimu wa hesabu kutoka Japani, dada mmoja mfupi mwenye adabu za kuchosha. "Shikamoo mama," anainama. Mama anaitikia marahaba, naye anainama tena. Viatu alivua mlangoni bila kuambiwa, na hapo mama akampenda. Lakini alikuwa na kandambili za ndani na nyingine za chooni tu, na ole wako uzichanganye! Mimi nilizichanganya siku ya kwanza. Alizikosha mara tatu, na maji yenyewe nyumbani ndoo moja. Nilikasirika, sitaficha.

Alipoyaona magoti ya mama, alisema kwao wazee hawaishii kuoga kwa kopo. Mtu hujisugua kwanza pembeni, akajisuuza, kisha akiwa safi huingia kwenye maji ya moto hadi shingoni, akakaa tu. Nyumba nzima hutumia maji yaleyale. Mmoja akitoka, mwingine anaingia.

"Yaleyale?" niliuliza.

"Yaleyale. Mama kwanza."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, unataka kunichemsha kama muhogo?"

Alikataa miezi mingi. Mwalimu alipobakiza wiki mbili aondoke, mama akasema, "Haya bwana, magoti hayanipi usingizi. Niwekeni humo." Wiki hizo mbili mwalimu alioga kwa kopo moja, na maji safi yaliyobaki katika mgao wake akayamimina kwenye pipa tupu la mafuta juu ya mafiga, nyuma ya nyumba. Mvua haikutusaidia hata tone. Pipa lilifika nusu, alasiri ya siku yake ya mwisho. Kesho yake alikuwa na basi la alfajiri la kwenda Masasi.

Moto ukawaka, maji yakapata moto, ugomvi ukaanza. "Mama kwanza," alisema mwalimu. "Kwangu mimi mgeni hatanguliwi na mwenyeji," alisema mama. Huyu anainama, yule anakataa. Mimi nazunguka na kuni mkononi, roho inanipaa. "Jamani, aingie yeyote, maji yanapoa!" Mwishowe mwalimu akashindwa, akaingia.

Hakukaa sana. Alitoka uso mwekundu, akafunika pipa kwa bati joto lisipotee, akaenda kumwita mama. Nikafunua. Maji yalikuwa meupe kabisa, hata povu hakuna. Lakini ni maji aliyotoka mtu! Nilikuwa nimeelezwa, tena kwa Kiswahili safi. Ila sisi tulivyolelewa, maji aliyoogea mtu humwachii mwenzio, sembuse mama mzazi. Unayamwaga upesi, mtu asiyaone. Aibu ikanipanda. Nikajiambia nitasuuza pipa, nitajaza mengine. Mengine yapi, Newala? Hilo sikulifikiri, mikono ilikuwa imeshatangulia. Nikachukua mchi wa kinu, nikasukuma, pipa likapinduka.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama kwenye uwazi wa uzio, kanga kifuani, mwili mbichi. Alikuwa ameshajisugua na kujisuuza kama alivyofundishwa. Nyuma yake mwalimu, ameshika taulo la kumpa akitoka.

"Mama, nisamehe," nilisema. "Nilidhani..."

"Umefanya nilivyokufundisha," alisema.

Bora angenitukana. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi. Mwalimu alikunja taulo lake vizuri, pembe kwa pembe, kama vile kuna mtu bado atalihitaji.

Mama hakungoja mkono wa mtu. Alitembea upesi, kwa magoti yaleyale, akaingia miguu miwili kwenye tope lililokuwa likifuka mvuke. Udongo wetu ni mchanga, hauweki maji.

"Kumbe ndivyo yalivyo," alimwambia mwalimu, akabaki amesimama pale mpaka ardhi ilipoyanywa yote.