Pumzi Thelathini na Saba

Shemeji yangu ni fundi saa, lakini saa yake mwenyewe hana. Kinyozi hajinyoi, ndiyo hivyo. Anavaa za wateja. Ukishatengeneza saa, anasema, uivae siku mbili uijue tabia yake kabla ya kumrudishia mwenyewe. Kwa hiyo leo utamkuta na saa ya mwalimu, kesho ya muuza mkaa.

Na kwa udadisi, loo! Kitu hakijamkosea lakini atakifungua tu. Binti yake wa miaka mitatu, tunayemwita Bibi Mdogo kwa jinsi anavyotuamrisha nyumba nzima, alipoanza kubanwa na kifua kila mara, shemeji alichomeka faneli kwenye kipande cha mpira wa maji, akawa anamsikiliza mgongoni.

"Njoo usikie, shemeji! Hapa panachemka kama uji!"

Nikatega sikio. Haki ya Mungu, panatokota. Tukawa tunapokezana faneli kama watoto.

Zahanati yetu hufunguliwa Jumanne tu, na hospitali yenye oksijeni iko mwendo wa saa mbili kwa pikipiki. Muuguzi wa Jumanne ndiye aliyetufundisha ya nyumbani. Moshi marufuku: mimi ni mpiga pasi, na pasi yangu ya mkaa ikafukuzwa uani siku hiyohiyo, nami nyuma yake. Akikohoa, apewe maji ya uvuguvugu. Akiwa ametulia, mfunueni kifua, mhesabu pumzi dakika nzima. Zikifika arobaini, au chini ya mbavu pakiwa panabonyea kila anapovuta hewa, msingoje Jumanne.

Shemeji alifurahi kupita kiasi. Dakika si ndiyo kazi yake!

Jumamosi moja Bibi Mdogo aliamka na homa, na hakumwamrisha mtu yeyote. Hapo nikaogopa. Shemeji akahesabu, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati: thelathini na sita. Baadaye, thelathini na saba. Mchana, thelathini na saba tena.

Dada yangu alikuwa amempakata mtoto. "Mume wangu, mbona pua zinapanuka hivi?"

"Homa hiyo. Hesabu inasema bado."

"Na mimi niliyemzaa nasema hapumui vizuri."

"Namba haidanganyi, mke wangu. Tumtie kwenye vumbi la barabara saa mbili nzima bila sababu? Si ndiyo tutammaliza?"

Dada akanyamaza. Nami na mdomo wangu huu nikamuunga mkono shemeji, maana kitu kikishaandikwa kwa chaki kinakuwa kama kweli.

Saa kumi alasiri redio ikatangaza habari. Shemeji akatupia jicho mkononi, kwa mazoea tu. Akatazama tena. Ile saa aliyoilinganisha na redio hiyohiyo saa saba, akidhani asubuhi aliiweka vibaya, sasa ilikuwa imepita kumi kwa dakika kumi na nane.

"Inakimbia," akasema polepole. "Jana niliilaza juu ya spika ya redio. Imeshika sumaku." Na mkono wake, jamani, mkono ukaenda kwenye bisibisi! Alitaka kuifungua aone.

Nilimpiga kofi mkononi. "Mtoto, shemeji! Mtoto!"

Akashtuka. Saa ikikimbia, dakika yake ni fupi, na katika dakika fupi pumzi utakazohesabu ni chache. Aliivua saa, akanyakua simu yangu, akahesabu upya. Arobaini na nne. Dada akamfunua mtoto gauni hadi tumboni, na chini ya mbavu palikuwa panabonyea. Nilikimbilia barabarani kusimamisha pikipiki, viatu nikavisahau.

Kupona alipona, siku ya tano tulirudi naye. Lakini linalonikaa moyoni ni lile la pale hospitalini, daktari alipouliza, "Anapumua hivi tangu lini?"

Nilimtazama shemeji. Angeweza kusema tangu saa kumi. Nani angembishia? Mimi nisingembishia.

"Tangu asubuhi, daktari," akasema. "Mimi ndiye niliyehesabu vibaya. Mke wangu aliniambia, nikamnyamazisha kwa namba."

Daktari akaandika, akamvisha mtoto kifuniko cha oksijeni puani na mdomoni, akaagiza sindano. Dada, ambaye njia nzima hakumsemesha mumewe, alikaa chini sakafuni akaanza kulia.

"Ulikosea hesabu wewe," akamwambia. "Mimi niliona kwa macho yangu, nikanyamaza."