Kiganja cha Mama Nyuma ya Jiko

Harufu ya mbegu za haradali zikipasuka kwenye mafuta ya moto hunirudisha mpaka leo katika jiko lile la kupanga, hapa Harrow, Uingereza, tulipokuwa tumetoka Tanga na makoti ya kuazima. Tulikaa vyumba vya chini, na mwenye nyumba, bibi mmoja wa Kiingereza, alikaa juu. Ukuta wa nyuma ya jiko la gesi ulikuwa mweupe uliopauka, na madirisha yalitoka jasho kila Mama alipochemsha chai. Siku ya kuhamia, kabla hata sanduku halijafunguliwa, Mama alikoroga unga wa manjano kwa maji kidogo, akachovya kiganja cha kulia, akakibandika ukutani. Ndivyo bibi yangu alivyofanya katika kila nyumba aliyohamia kule Tanga. Pasipo kiganja, Mama alituambia, mtakula na kulala, lakini hamjahamia. Nilikuwa mtoto mdogo, na nilipouona mkono ule wa njano niliacha kuuliza tutarudi lini nyumbani.

Jumamosi mwenye nyumba akashuka kukagua. Alipouona ukuta alikunja pua, akatuambia polepole, kana kwamba sote ni viziwi, kwamba alikwisha kuonywa kuhusu watu wa aina yetu, na akiukuta tena uchafu ule kesho, tufunge mizigo. Uchafu! Mwanamke aliyemwogesha mbwa wake kwenye sinki la vyombo ndiye aliyekuja kumfundisha mama yangu usafi. Baba, ambaye Tanga alikuwa na duka lake na hakumwogopa mtu, alimjibu asante, akaenda kuchukua brashi na sabuni. Mama akasimama mbele ya jiko.

"Baba Nila, ukiufuta huo mkono, mimi hapa sipiki tena."

"Tutalala wapi, Mama Nila? Barabarani, na baridi hii?"

Hawakupigiana kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mwishowe Baba akatoa foili, ile ya kufungia chapati, akaibandika kwa selotepu ukuta mzima, na mkono ukabaki chini yake. Kesho yake mwenye nyumba aliitazama foili inavyong'aa, akafurahi. Kumbe tunajua kutengeneza, akasema, jikoni kumekuwa kupya kwa kazi ya dakika chache, hebu Baba apande akambandikie na yeye. Baba akapanda. Mama alibaki akikaanga vitunguu, akijitazama uso uliokunjamana ndani ya foili. Siku ile inanitia hasira hadi leo, na kinachonichoma zaidi si yule mwenye nyumba. Ni kwamba tulimshukuru.

Sasa nina nyumba yangu hapa hapa Harrow, na wanangu wanakielewa Kiswahili ila wananijibu kwa Kiingereza. Mwezi uliopita nilikwenda kununua vigae vya kubandika, vile vinavyobadilisha ukuta wa nyuma ya jiko kwa mchana mmoja tu. Kijana wa dukani akanisifia vya rangi ya manjano. Ndiyo mtindo wa sasa, akasema, vinafanya jikoni pawe na joto la nyumbani. Nilitamani kumfokea, na maskini hakuwa na kosa lolote. Leo manjano ni mtindo, tena unalipia, na sisi yalikuwa karibu yatutupe nje kwenye baridi! Nikanunua vyeupe kwa makusudi. Nilivibandika mwenyewe, nikakoroga manjano kwenye kibakuli, nikamwita Mama, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo. Alichovya kiganja chake chembamba, akakikandamiza juu ya vigae vipya, kikatokea chote pamoja na vidole vyake vilivyopinda. Nilisimama pale nikiona fahari kama niliyeshinda kesi. Mama akajifuta mkono kwa upindo wa sari, akaenda kufungua droo, akaanza kupekua.

"Unatafuta nini, Mama?"

"Foili," akasema. "Fanya haraka, kabla mtu hajaja."