Kijumba cha Placida hakimtoshi shemeji

Isingiro, Kyerwa. Jua limechomoza nusu tu juu ya migomba, na Placida Nikuze (47) tayari yuko peku juu ya turubai, anageuza kahawa kwa reki ya mbao. Anakwenda hadi mwisho, anarudi, anasimama. Anamtazama mwandishi wa makala haya kuanzia viatu hadi kichwani.

"Umetumwa na nani?"

Anajibiwa kwamba hakuna aliyemtuma. Ni gazeti linataka kujua mtu anaishije katika nyumba ndogo kama yake.

"Gazeti," anarudia, reki ikiendelea na kazi. "Na gazeti limeijuaje nyumba yangu? Nani ameliambia?"

Ndivyo alivyo Placida. Wenzake wanaoanika naye katika ghala hili la mnunuzi binafsi wamemzoea. Wanamtania kwamba hata kuku wake akitaga, yeye huuliza kwa nini ametaga leo.

Kazi yake ni kuanika na kuchambua kahawa ya maganda wakati wa msimu. Analipwa shilingi 6,000 kwa siku, na siku ya mvua anarudi nyumbani mikono mitupu. Msimu ukiisha, analima kibanja alichoachiwa na marehemu mumewe, Novatus: migomba, mibuni na maharage kidogo katikati. Kibanja hicho ndicho kilichomfanya ajenge kijumba, na ndicho kinachomnyima usingizi.

Mchana anakubali kutembelewa. Njiani anageuka nyuma mara kwa mara, kama vile mgeni anaweza kuzaa wageni wengine njiani.

Nyumba yenyewe unaweza kuipita usiione. Iko katikati ya migomba, ina bati nane, mlango mmoja na dirisha la kutosha kichwa cha mbuzi. Mwandishi anatoa futi kamba mfukoni, na Placida anaitupia jicho.

"Rudisha hiyo. Kibanja kikianza kupimwa na wageni, kesho kina mwenyewe mwingine. Nitakwambia mwenyewe: mita tatu kwa tatu na nusu. Andika."

Ndani kuna kitanda, sanduku la nguo, kiti kimoja na taa ya sola. Jiko liko nje, chini ya kibanda cha nyasi. Placida anakaa kitandani na kuanza kukisifia kijumba chake, na hapo ndipo uso wake unapolegea kwa mara ya kwanza. Kufagia ni dakika chache. Baridi ya huku ikishuka, pumzi yake na ya binti yake zinatosha kupasha joto. Taa moja inamulika kila kona.

"Katika nyumba kubwa unalala chumba hiki, chumba kile hujui kina nani," anasema. "Humu nikifumbua macho nimeiona nyumba yote. Mtu akigusa mkungu wangu hapo nje, namsikia."

Anapoulizwa ubaya wa kijumba, anatazama juu kwenye bati. Mvua ikinyesha, anasema, bati linapiga kelele hadi hamsikilizani. Ukigombana na mwanao hakuna pa kwenda kununa. Ukiugua, kila mtu ameugua. Na mgeni huna pa kumweka, jambo ambalo kwa watu wa huku ni aibu kubwa kuliko njaa.

Mtu asiyeingiza wageni ndani, majirani humtafutia sababu. Msimu mmoja uvumi ulizagaa kwamba Placida anaficha kahawa ya magendo inayovushwa mpakani Murongo kwenda Uganda. Mgambo alikuja kupekua.

"Aliingiza mguu mmoja, akageuza shingo, akawa amemaliza," anasimulia na kucheka. "Akaniambia, mama, hata panya humu angelala nje."

Miaka sita iliyopita hakuwa na kicheko. Novatus alifariki, akazikwa hapa hapa kibanjani, na mvua za masika zilizofuata ziliangusha ukuta wa nyumba yao ya miti na udongo. Shemeji yake, Byarugaba, mdogo wa marehemu, alikuja na maneno matamu: ahamie kwake, kuna chumba cha uani, kibanja watakiangalia pamoja.

Placida alishukuru, akakataa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, tena wa kike, Joyness, na alikwisha kuona wajane wenzake walivyohamia kwa mashemeji kwa muda na migomba yao ikabaki mikononi mwa mashemeji hao moja kwa moja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," anasema. "Sikusema ananila. Nilisema yuko nguoni."

Alianza na kilichowezekana. Alinunua matofali ya kuchoma kidogo kidogo kwa ujira wa kahawa, akajenga pembeni ya kaburi la mumewe. Byarugaba alileta mkokoteni mzima wa matofali, bure. Placida aliyarudisha. Hakutaka kesho mtu aonyeshe ukuta na kusema huu ni wangu.

Mwaka huu mtihani ulikuja kwa sura ya furaha. Joyness, sasa ana miaka 23, alipata mchumba, Gosbert, kijana wa Rugu, Karagwe. Wazazi wa kijana wakatuma habari: wanakuja kuposa.

Katika ukoo wa Novatus, wageni wa posa hawapokelewi uani. Huingizwa ndani, juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni, na mshenga wao huuliza mbele ya watu wote: mwenye nyumba hii ni nani? Anayeitikia ndiye wazee wa pande zote mbili huondoka wakimtambua kuwa mkuu wa mji ule, yaani nyumba na kibanja chake.

Byarugaba alimwita Joyness na kumwambia shughuli ifanyike kwake. Nyumba ina sebule kubwa, amepaka chokaa, amenunua na viti. Joyness alirudi akiruka kwa furaha. Mama yake aliacha kumenya ndizi.

"Nikamwambia, mwanangu, chokaa hiyo ni ya nini? Wageni wakiuliza mwenye nyumba, nani ataitikia? Baba yako mdogo. Na siku hiyo hiyo kibanja kimekwenda."

"Nililia," Joyness anasema, akiwa amesimama mlangoni kwa kuwa ndani hakuna nafasi ya mtu wa tatu. "Nilimwambia mama, unataka wakwe zangu wakae wapi, mgongoni kwako?"

Siku ya posa, Placida aliamka akakata nyasi. Alizitandaza kuanzia chini ya kitanda, akazivusha kizingiti, akazipeleka nje hadi kwenye mibuni, na juu yake akafunga turubai aliloazima ghalani. Aliwaambia wazee kwamba nyumba yake inaishia pale nyasi zinapoishia. Walitazamana. Mmoja akacheka, akavua viatu, akakaa, na wengine wakafuata.

Mshenga aliingia ndani na kuuliza swali lake. Nje, anasimulia Joyness, shingo zote ziligeukia kwa Byarugaba, aliyekuwa amekaa ukingoni kabisa mwa nyasi. Byarugaba aliinamisha kichwa. Sauti ya mama yake ikatoka ndani, kwa neno la heshima la huku: "Ni mimi, waitu."

Posa ikapita, watu wakala, rubisi, pombe ya ndizi, ikanyweka.

Byarugaba anaishi ng'ambo ya kijito. Anapokea wageni vizuri, na chokaa ya sebule yake bado inang'aa.

"Nilitaka mtoto wa kaka yangu atoke mahali pa heshima," anasema taratibu. "Ni hilo tu. Siku ile sikula. Shemeji hajawahi kunikaribisha ndani hata mara moja tangu ajenge."

Kisha anaongeza, huku akitabasamu: "Kibanja ni cha ukoo. Hilo kila mtu analijua." Mtu anaweza kuondoka pale akiamini neno la kwanza au la mwisho, na mwandishi huyu hakujua aamini lipi.

Maneno hayo yanapomfikia Placida jioni, hashangilii. Anayasikiliza yote, hasa lile la kutokula, na macho yanamlowa bila yeye kuyafuta.

"Alisema hakula?" anauliza. "Novatus alimlea yule kama mwanawe. Labda nimemkosea."

Kisha sauti inarudi kuwa kavu. "Lakini kama nimemkosea, yeye amepoteza chakula cha siku moja. Mimi ningemwamini kwa makosa, ningepoteza kila kitu, na Joyness asingekuwa na pa kurudi ndoa ikimshinda."

Kabla ya harusi anataka jambo moja: hatimiliki ya kimila kutoka kijijini, yenye jina lake na la binti yake. Ameshaomba. Nyumba haongezi hata chumba kimoja hadi apate hati hiyo.

"Nikishaishika mkononi," anasema, "nitavuka kijito mimi mwenyewe, mchana, watu wakiona. Nitapiga magoti nimwombe shemeji msamaha. Sasa hivi siwezi. Msamaha wangu angeutumia kama ushahidi."