Glasi Dirishani

Harufu ya dawa ya kusafishia picha ni kali, chachu kama siki, na ikinikuta popote narudi kuwa mtoto wa darasa la tatu pale Bariadi, nyumbani kwetu nyuma ya soko. Studio ya baba ilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye dirisha pana lililopokea jua la asubuhi, na pembeni kijichumba cha giza alimosafishia picha zake nyeusi na nyeupe. Ukutani palitundikwa pazia lililochorwa ndege na maporomoko ya maji, maana watu waliotoka Lalago kuuza pamba walipenda kuonekana wamefika mbali. Mama ndiye aliyewainua wateja kidevu, akawafunga vifungo vya shati, akawatania mpaka wakasahau kukaza uso. Yeye mwenyewe hakuwa na picha ya maana. Ile ya harusi ililiwa na mchwa kwa bibi huko Mwanhuzi, na kila baba alipotaka kumpiga nyingine, mlangoni palikuwa na mteja anayesubiri.

Kitabu kililetwa na Mcheki mmoja, Mzungu wa nchi ya Cheki, fundi wa kuchimba visima, aliyekuja kupiga picha za pasipoti akazoeana na baba kwa Kiswahili cha kuokoteza. Siku ya kuaga alimwachia kitabu cha picha za kwao. Maneno yake hakuna aliyeweza kuyasoma, lakini picha hazikuhitaji maneno: glasi ya maji kwenye kizingiti cha dirisha, yai kando ya sahani, ua lililonyauka, mwanamke amekaa studioni nusu ya uso wake gizani, wala hakuna pazia nyuma yake. Mimi nilicheka. Nani anapoteza mkanda kwa ajili ya yai? Baba hakucheka. Alikuwa akikifungua kila akipata nafasi, akisema taratibu kwamba hawa watu wana subira, wanangoja mwanga ukae juu ya kitu mpaka kitu chenyewe kiseme. Mama alimtania kwamba siku moja ataipiga picha sufuria amsahau mpishi.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, mama akaugua. Hospitali walimpa dawa, wakamruhusu, akarudishwa tena, kisha wakasema tukae naye nyumbani. Chumba cha nyuma kilikuwa na joto la bati, kwa hiyo baba alilishusha lile pazia la ndege akaweka kitanda studioni, chini ya dirisha. Wateja wakaona haya kuingia, wakahamia kwa mpiga picha wa stendi. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji mtungini kila asubuhi, kuijaza glasi na kuiweka dirishani pale mkono wake ulipofika. Alikonda mpaka pete ikawa inachomoka yenyewe kidoleni, na hapo ndipo baba alipoingiwa na hofu kwamba ataondoka bila kutuachia sura yake. Akamwomba ampige walau moja. Mama akaugeuzia uso ukutani.

"Si hivi nilivyo," alimwambia. "Nikipona utanipiga. Kwa sasa piga hiyo glasi, si ndiyo mnayoipenda wewe na Mcheki wako."

Ulikuwa utani, na mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Lakini baba alikuwa mtu wa kutii, au labda hakuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Kila asubuhi, mama akishakunywa na kulala tena, alisimamisha kamera akaipiga ile glasi kama ilivyobaki. Siku za mwanzo ilibaki tupu, na mwanga ulipita ndani yake ukaacha doa jeupe juu ya ubao. Baadaye ilibaki na maji robo, kisha nusu. Mimi niliona picha nzuri tu. Sikuona kwamba maji yanapanda. Baba aliona, nina hakika aliona, na akaendelea kupiga. Asubuhi ya mwisho glasi ilikuwa imejaa vilevile nilivyoijaza. Aliipiga hiyo pia, mama akiwa amekwisha kukata roho pale kitandani, kabla hatujawaita majirani.

Kwetu jeneza hutanguliwa na picha ya marehemu. Wajomba walipofika kutoka Lalago walipekua kila droo ya studio, wakakuta sura za nusu ya wilaya na glasi za maji. Mjomba mkubwa, mtu mpole siku zote, alizishika zile picha akamuuliza baba kwa sauti ya chini, "Shemeji, tutangulize glasi?" Ilibidi wakaikuze picha ya kadi ya kupigia kura, ikatoka na ukungu, macho yamekazwa. Bibi aliitazama akasema huyu hamjui. Nilibebeshwa mimi. Nilitembea mpaka kaburini nimemkumbatia mtu mgeni kifuani, nikamchukia Mcheki, nikakichukia kitabu chake, nikamchukia na baba.

Baba naye amekwisha fariki, na pale studioni siku hizi wanauza vocha na kava za simu. Simu yangu ina picha mpaka inalalamika imejaa: binti yangu yumo tangu siku aliyozaliwa, chakula chetu kimo, hata viatu vimo, na hakuna anayezitazama mara mbili. Lakini sura ya mama imenitoka kabisa. Nikijaribu kuikumbuka inanijia ile ya kadi, nami naifukuza. Majuzi binti yangu aliuliza bibi yake alikuwaje, na kwa kukosa kingine nikampa zile glasi. Alizitandaza sakafuni akazipanga kwa akili yake, iliyojaa kwanza, tupu mwisho.

"Bibi alikuwa na kiu," akasema. "Ameyamaliza yote."

Nilizitazama, na kwa kitambo mama alikuwa anapata nafuu, asubuhi baada ya asubuhi. Kisha nikapiga magoti nikazirudisha zilivyokuwa, tupu kwanza, iliyojaa mwisho.