Mchikichi wa Nkambo

Nasikia baridi. Naliandika hilo mwanzoni ili tuelewane, rafiki yangu, kwa sababu nimelikana zaidi ya nusu ya maisha yangu. Mwezi wa sita ukifika hapa Lubumbashi, wenzangu wa chuo kikuu huja kazini wamejifunika kama vitunguu, ganda juu ya ganda. Mimi nilikuwa nikiingia na blauzi ya mikono mifupi, pua ikichuruzika, nikiwaambia kwamba ni vumbi. Nina shahada mbili. Hakuna hata moja iliyonisaidia kuvaa sweta.

Chanzo ni mti.

Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, nyumba za matofali zilizopangwa mistari, na king'ora cha kampuni ndicho kilichotuambia lini tuamke na lini baba anarudi. Baba alizaliwa humo humo kambini. Mama yake, nkambo wetu, ndivyo tunavyowaita hapa mama wa baba zetu, alikuja na mumewe kutoka kijiji cha kando ya mto, karibu na Kisangani, pale mstari wa ikweta unapopita. Mumewe alikufa, yeye akabaki na sisi, na akili yake ikabaki kule.

Shuleni mwalimu aliuchora mstari ule ubaoni kwa chaki nyekundu, ukiikata ramani ya nchi kama mkanda kiunoni. Nchi yetu imevaa ikweta, alisema, kwa hiyo sisi hatujui majira ya baridi. Tuliyakariri hayo, kisha asubuhi za mwezi wa sita tukasimama uwanjani kuimba sifa za Chama na Kiongozi, meno yakigongana hata nyimbo zikapata mdundo zisioustahili.

Nilimpelekea nkambo somo hilo. Alikuwa amekaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akijipasha moto pamoja na chupa ya mawese, kwa maana mafuta yalikuwa yameganda tena.

"Mwalimu yenu anasema ya kweli," aliniambia, "lakini anasema ya kwetu. Huku haiko kwetu."

Kwao, alisimulia, jua lilichomoza saa ile ile mwaka mzima, na mchana kivuli kilijikunja miguuni mwako kama mbwa. Mvua haikuwa na mwezi wake. Ulivuna leo, ukapanda leo, na mchikichi ulizaa bila kuuliza ni mwezi gani. Mbu na ukungu wa kwenye nguo hakuwataja. Mtu anayekumbuka kwao husahau kwa ustadi, na mimi ninayeandika haya si hakimu mzuri wa kosa hilo.

"Huku jua linapita kando," alisema, "kama mugeni asiyetaka kusalimia. Na bantu banangojea mvua kama banangojea mushahara."

Watoto wa majirani walimpachika jina Mama Blanketi. "Mama Blanketi," walimwita kutoka barabarani, "kwenu kuko moto. Ju ya nini hauende?"

"Muniletee treni hapa mulangoni, mutaona."

Hakuwa akitania. Alitaka kurudi akafie kule, azikwe katika udongo wenye unyevu. Kila mwaka baba alimwahidi: likizo ijayo. Likizo ikija, ghafla bati lilivuja, au mtoto aliugua. Nadhani hakuweza tu. Ilikuwa treni, kisha meli ya mtoni, kisha treni nyingine, na mama yake akishafika huko, haonekani tena.

Nyuma ya nyumba, karibu na kichuguu, nkambo alikuwa amepanda mchikichi kutoka kokwa aliyoileta kwenye kitambaa. Ulinenepa, ukatoa makuti, lakini haukuzaa hata mara moja. Jioni moja, sombe, majani yetu ya muhogo, ikiwa bado mezani, alimwambia baba:

"Tata, mwana wangu, nimechoka kuomba. Sasa tusikie muti. Ukizaa, basi udongo wa huku umenikubali, munizike hapa. Mvua ikianza bila matunda, unipeleke kwetu."

"Sawa, mama," baba alijibu upesi, kabla hajang'amua kwamba ameweka nadhiri dhidi ya hali ya hewa.

Msimu ule wa baridi, mchikichi wetu ulitunzwa kuliko sisi. Baba aliufunga magunia shinani. Aliumwagia maji ya kufulia yakiwa bado vuguvugu. Akitoka zamu, kofia ya kazi kichwani, aliukagua mti kabla ya kumsalimia mama. Nilimwuliza mwalimu kama utazaa. Akacheka kidogo. Mchikichi, alisema, unataka joto lisilokatika. Sisi tuko mbali na mstari, tena juu sana, baridi ya huku inaunyonga. Ni mwalimu yule yule aliyetufundisha kwamba hatuna baridi. Sikumkumbusha. Ilikuwa miaka ya kutokumbushana.

Nilipompelekea baba habari hizo, alikaza kamba ya gunia. "Mwalimu wako apande chaki," alisema.

Mawingu ya kwanza ya mvua yalipoanza kujikusanya upande wa Kipushi, asubuhi moja tulimwona baba amesimama nyuma ya nyumba, mikono kiunoni. Juu ya mchikichi palikuwa na mkungu mwekundu, umeiva, ukining'inia.

Ukining'inia, rafiki yangu. Mkungu wa ndizi ndio unaoning'inia. Wa mchikichi hukaa umejibana kati ya makuti, kichwa juu, kama kuku anayeatamia. Lakini baba alikuwa mtoto wa kambi. Matunda yale aliyajua yakiwa sokoni tu. Na pale kwenye shina la mkungu, jua lilipotokeza, kitu kilimetameta: waya wa shaba. Niliuona. Niliangalia pembeni.

Jirani yetu mfanyabiashara, Mwislamu wa Maniema aliyepokea mizigo ya treni, alikuwa ameegemea ua. "Mama, hongera," alisema kwa sauti ndogo. "Muti wako una adabu."

Nkambo aliutazama mkungu muda mrefu. Tunda moja lilidondoka lenyewe, likabingirika mpaka kwenye miguu yake. Aliliokota, akalinusa.

"Umezaa," alisema. "Leteni panga."

Aliyachemsha matunda, akayatwanga, akakamua mafuta, na sombe ya siku ile ndiyo tamu kuliko zote nilizowahi kula. Hakuomba tena kurudi. Alikufa katika msimu wa baridi uliofuata, na wachimba kaburi walilalamikia udongo mkavu kama matofali. Tulimzika na blanketi lake.

Kuanzia hapo sikusikia baridi. Unaelewa: kama baridi ipo, mti ule haukuzaa, kama haukuzaa, nkambo yuko mahali ambapo hakupaswa kuwa. Ndugu yangu alisema kikongwe alijua yote. Mimi nilishikilia kwamba aliamini. Baba alizeeka akikwepa kula sombe, akafariki akidhani amemdanganya mama yake mpaka kaburini. King'ora kimenyamaza, kambi imeuzwa nyumba moja moja, na mwenye nyumba mpya alikata mchikichi kwa sababu, alisema, haukuwa na faida.

Juzi simu ililia. Sauti ya mwanamke mzee, namba nisiyoijua. Alikuwa shangazi nisiyewahi kumwona, binti wa mdogo wake nkambo. Mnara wa simu umefika kijijini kwao mwaka huu, naye ameitafuta namba yangu kwa watu wengi.

"Mama yangu aliwangojea sana," alisema. "Halafu siku moja alikuja mutu wa Maniema, anauza vitambaa, akaleta maneno ya dada yake. Alisema: musiningojee tena. Mwana wangu amenifungia mukungu juu ya muti na waya, mbele ya bantu. Nimekula."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Alisema pia huko kuko baridi sana. Siye hapa hatukuamini, tuliona anatuchekesha." Kuku wakasikika nyuma yake, na mvua. "Mwanangu, ni kweli? Huko iko baridi?"

"Iko, shangazi," nilimwambia. "Iko baridi."